Nilipona kansa ya jicho utotoni, je mtoto wangu?

Muulizaji: Wakuu habari, mi nilitolewa jicho la kushoto nikiwa na miaka 2 sababu ya retinoblastoma (hiyo kansa ya jicho ya watoto), saa hizi nina 27 na kazi napiga vizuri tu, ila wife ana mimba ya miezi saba na usingizi sipati kabisa, mtoto anaweza kurithi?

Nesi: Kaka, kama yako ni ile ya kurithi, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kupata jeni inayoleta kansa hiyo. Akizaliwa tu mpeleke kwa daktari wa macho, usisubiri mboni iwe nyeupe, ikiwahiwa jicho linaweza kuokolewa.

Dada: Pole jamani. Mi yangu ilikuwa macho yote mawili, mwanangu kapimwa wiki ya kwanza, yuko salama. Na wewe mwenyewe kliniki usiache, uvimbe wowote kauonyeshe.