Timu ya mpira ya kijijini kwenu ilikufaje? Tupeane uzoefu

Winga Kushoto: Wakuu, juzi nimepita ulipokuwa uwanja wetu nikakuta umebaki mlingoti mmoja tu wa goli na majani yamefika kiunoni, nikashindwa kuendelea na safari nikakaa pale kama nusu saa. Timu imecheza zaidi ya miaka 20, leo watoto wa palepale hawajui kama iliwahi kuwepo. Ya kwenu iliishia wapi?

Kipa Mkongwe: Umenigusa penyewe. Mimi nilikuwa golini siku ya kwetu inakufa. Vijana walishaondoka kutafuta maisha, mechi ya ugenini tukaenda watu 8 na mmoja wao ni kocha mwenyewe kavaa jezi, goti bovu. Tukaanza hivyo hivyo. Kipindi cha kwanza hakijaisha namba mbili wetu akala nyekundu tukabaki 7, tumeshafungwa 4 lakini tunakimbia. Kipindi cha pili kocha karuka kichwa kwenye kona katua na lile goti, mlio wake niliusikia. Refa akamwambia kama huwezi toka, na akitoka tu mechi imeisha, tutakuwa 6. Akajaribu kusimama mara mbili akakaa. Akanishika mkono akaniambia niegemeze kwenye mlingoti, nitasimama tu, refa ahesabu 7. Nikamwegemeza. Nikadaka dakika kadhaa mtu mzima yuko ubavuni kwangu analia bila sauti, mpaka refa akaja akamshika bega akapuliza filimbi. Hatukucheza tena. Jezi yangu ninayo, lile tope sijalifua.

Namba Mbili: Dah.

Mama wa Kiungo: Pole sana kaka. Nimesoma nikaamka kwenye kiti.

Shabiki Damu: Kwani mechi si lazima watu 11? Hao 8 refa aliwakubali vipi

Kibendera: Hapana mkuu, sheria namba 3 iko wazi, timu ikiwa chini ya wachezaji 7 mechi haianzi wala haiendelei. 8 unaanza vizuri tu. Nimeshika kibendera miaka mingi.

Mweka Hazina: Ya kwetu iliuawa na kitanda. Jezi, mpira, muhuri, daftari la usajili, vyote vilikuwa chini ya kitanda cha mwenyekiti, alipofariki ndugu zake wakagawa jezi watu wakaenda nazo shambani, daftari hatukuliona tena. Majina ya walioanzisha timu yote yalikuwa mle.

Straika Butu: Na hela za michango zilikuwa chini ya kitanda gani? Maana kila timu ikifa mweka hazina huwa anamtaja marehemu.

Mweka Hazina: Usinivunjie heshima. Mimi nilishona mpira kwa mikono yangu, nikalipa usafiri mfukoni kwangu, wewe ulitoa nini?

Straika Butu: Nilitoa mguu, mpaka leo haukunji.

Mama wa Kiungo: Jamani acheni, kuna mtu katueleza habari ya kocha wake hapo juu.

Kibendera: Ila ya daftari ni kweli kabisa. Sheffield FC ya Uingereza, ilianza 1857, bado inacheza madaraja ya chini huko, makaratasi yake ya mwanzo ya kuandikwa kwa mkono yalitunzwa mpaka 2011 yakauzwa mnadani London zaidi ya pauni 880,000. Andikeni majina sasa hivi wazee wakiwepo.

Shabiki Damu: Mimi ningesema fufueni, anzeni na watoto, 7 kwa 7, goli hata la fimbo.

Straika Butu: Msifufue. Mtarudisha jina na ugomvi uleule. Waacheni watoto waanzishe yao.

Winga Kushoto: Kipa, kocha yupo?

Kipa Mkongwe: Yupo, anatembelea fimbo. Nimempigia sasa hivi nikamsomea yote mliyoandika. Kauliza kitu kimoja tu, yule mtoto wa kadi nyekundu yuko wapi siku hizi, maana aliondoka uwanjani hajamuaga mtu na hakurudi tena nyumbani.

Namba Mbili: Nipo. Nitumie namba yake.