Popo darini Moshi: nizibe matundu sasa hivi?

Swali: Wakuu, nyumba ni ya bati, ipo Pasua. Jioni popo wanachomoka chini ya bati, na siling bodi ina madoa ya mkojo. Nizibe leo?

Jibu: Usizibe leo mkuu, watafia ndani. Saa 12 na nusu jioni simama nje utafute tundu wanalotokea. Ukingo wake huwa na weusi wa mafuta ya manyoya. Matundu mengine yote, hata ya sentimita 1, ziba kwa saruji 1 mchanga 4. Hilo moja litundikie wavu wa macho madogo: pigilia juu na pembeni, chini uache wazi, ushuke nusu mita kupita tundu. Wanateleza kutoka, kurudi wanashindwa. Acha usiku 7, kisha ziba.

Jibu: Kama kuna vitoto visivyoruka, subiri. Mama akizuiwa nje, vinaozea darini.

Jibu: Kinyesi usikifagie kikavu jamani, vumbi lake hubeba kuvu wa mapafu. Kilowesheni kwanza, vaeni barakoa na glavu. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu. Anaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa.