Kipimo cha sukari kipo hadi dukani, cha kansa kwa nini hakuna?

MwanaWaMzee: Wakuu habari zenu. Mzee wangu ana kisukari mwaka wa nane huu, kila asubuhi anajichoma kidole, tone moja kwenye stripu, majibu hapo hapo. Sasa juzi kaambiwa apime PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikabidi tusafiri hadi mjini, wakatoa damu ya kichupa tukaambiwa turudi baada ya siku tatu, siku tatu hizo mzee hali wala hasemi. Nasoma kuna bayosensa za umeme zinazopima alama za kansa kwenye damu, mbona hatuzioni? Ni bei au kuna kitu sielewi?

MtuWaMaabara: Pole sana mkuu. Hiyo stripu ya mzee ndo bayosensa ya umeme yenyewe, wazo lilitoka kwa Leland Clark na Champ Lyons kule Marekani 1962. Kuna kimeng'enya kinachochukua elektroni kutoka kwenye glukosi, elektrodi inazipokea, mashine inasoma mkondo. Ugumu upo kwenye kiasi. Sukari ya 5 ni kama miligramu 0.9 kwenye mililita moja ya damu, PSA mpaka unaotumika sana ni nanogramu 4 kwenye mililita hiyo hiyo, yaani unatafuta kitu kilicho kidogo mara laki mbili na zaidi kwenye tone lile lile!!

Elektrodi_Dhahabu: Naongezea, nimefanya hizi kwenye masters yangu. Unapanda antibodi (protini inayonasa kitu kimoja tu) juu ya elektrodi ya dhahabu inanasa PSA, halafu unaleta antibodi ya pili yenye kimeng'enya ndo umeme utoke, na katikati hapo unaosha na kuosha tena. Kwenye bafa safi, yaani maji ya chumvi ya maabara, inasoma vizuri mpaka unafurahi, weka damu ya mtu sasa, albumini peke yake, protini ya kawaida ya damu, ni gramu 35 hadi 50 kwa lita, inajibandika kwenye dhahabu yote na namba zinayumba. Mimi nasema kabisa, sensa iliyojaribiwa kwenye bafa tu tusiwaambie wagonjwa kwamba imepatikana, tunawapa watu matumaini ambayo hatujayafanyia kazi.

MwanaWaMzee: Aisee laki mbili! Kwa hiyo wakishinda hilo la albumini mzee atapima kansa nyumbani?

MtuWaMaabara: Atapima PSA, sio kansa. Inapanda hata tezi ikivimba tu kwa uzee, inapanda na UTI pia, kama vile CEA, alama nyingine ya kansa, inavyokuwa juu kwa wavuta sigara ambao hawana kansa yoyote. Namba ikiwa juu bado daktari anaangalia vingine, MRI au kukata kinyama. Kwani mzee siku ile alikuwa na shida ya mkojo?

MwanaWaMzee: Ndo alikuwa anamalizia dawa za UTI wiki ile ile, na hakuna aliyetuuliza. Imetoka 7.2.

MtuWaMaabara: Basi mwambieni daktari hilo kabla ya chochote, mara nyingi wanasubiri wiki sita hivi baada ya UTI kuisha wanarudia. Na mwambie mzee mwenyewe pia, leo hii, usisubiri wikiendi.

MwanaWaMzee: Nampigia sasa hivi.