Hodgkin ya hatua ya pili: dawa peke yake, au dawa na mionzi?

Dada Mkubwa: Habari zenu, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 24, amegundulika na limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu, hatua ya pili, kwenye tezi za shingoni na kifuani. Daktari ametueleza kwamba anaweza kupewa tibakemikali peke yake, au tibakemikali kisha mionzi. Mama anaogopa mionzi kuliko ugonjwa wenyewe. Njia ipi ni bora?

Muuguzi wa Saratani: Pole sana, dada. Hofu ya mama ina msingi, kwani zamani kifua kilichomwa mionzi kwa upana, na wasichana waliopona wakaja kupata saratani ya matiti na maradhi ya moyo miaka mingi baadaye. Mionzi ya leo hulenga eneo dogo, kwa dozi ndogo. Utafiti wa HD10 wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wagonjwa wasio na viashiria vya hatari hutoshelezwa na mizunguko miwili ya ABVD, mchanganyiko wa dawa nne za tibakemikali, pamoja na mionzi ya grei 20 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Katika utafiti wa RAPID wa Uingereza, wa mwaka 2015, wagonjwa ambao picha yao ya PET, ile inayoonyesha palipobaki saratani hai, ilikuwa safi baada ya mizunguko mitatu waligawanywa: baada ya miaka mitatu, asilimia 94.6 ya waliopata mionzi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na asilimia 90.8 ya wasiopata. Hata hivyo, idadi ya waliobaki hai haikutofautiana kwa kiasi cha maana, kwa kuwa wengi wanaorudiwa hutibika tena. Kwa binti wa umri huo, mwenye tezi kifuani, mimi ningeipima mionzi kwa uangalifu mkubwa.

Niliyepona: Mimi nilipata vyote viwili, lakini tezi zangu zilikuwa juu shingoni, mbali na matiti. Dawa nayo ina gharama yake: katika ABVD, ile dripu nyekundu (doksorubisini) hugusa moyo, na dawa nyingine, bleomisini, hugusa mapafu, kwa hiyo akianza kukohoa au kuhema asinyamaze. Mkojo ukiwa mwekundu siku ya dripu, asishtuke. Ni rangi ya dawa.

Dada Mkubwa: Asanteni sana. Na kama PET haipatikani?

Muuguzi wa Saratani: Hapo mizani huelemea kuchanganya, dada, kwa sababu bila picha hiyo ni vigumu kujua nani anaweza kuepushwa mionzi kwa usalama. Mwombeni daktari awaonyeshe kwenye picha ya CT mahali mionzi itakapopita.