Filta ya jenereta inaziba kila saa nne: niweke dawa au nioshe tangi?

mtunza_mitambo
Salaam wakuu. Tangi la dizeli la lita 2,000, jenereta ya akiba, Tanga karibu na bahari. Mafuta yamelala miezi minane. Filta inaziba baada ya saa nne hivi, ndani ina ute mweusi unaonuka mayai viza. Dawa ya kuua vijidudu itatosha?

koki_ya_chini
Hapo kuna kuvu na bakteria. Wanaishi kwenye maji yaliyotuama chini ya tangi, wanakula dizeli pale inapogusana nayo. Harufu hiyo ni ya bakteria ambao kazi yao huozesha chuma, kwa hiyo kagua sakafu ya tangi kama ina vishimo.

Dawa baadaye, kwanza maji. Acha mafuta yatulie saa 24, fungua koki ya chini polepole, kinga kwenye chupa ya kioo. Utaona maji chini, dizeli juu, katikati utando wa kahawia kama malai ya maziwa. Endelea kukinga mpaka itoke dizeli tupu, kisha pima kwa ufito uliopakwa dawa ya kupimia maji.

fundi_dizeli
Kwa ute mwingi hivyo, osha. Dawa huua, lakini mizoga inabaki na ikibanduka inaziba filta upya. Tafadhali asiingie mtu ndani ya tangi kabla hewa haijapimwa: gesi ile ya mayai viza ikizidi, pua huacha kuinusa, na inaua.

Baada ya kuosha na kuchuja mafuta, weka dozi ya tiba iliyoandikwa kwenye chupa, ukihesabu lita zilizomo, si ukubwa wa tangi. Zungusha kwa pampu ichanganyike. Vaa glavu na miwani. Maji utakayotoa baadaye yana sumu, yasimwagwe mtaroni.

mtunza_mitambo
Asanteni sana. Halafu niwe naweka kidogo kila mwezi?

koki_ya_chini
Hapana, dozi hafifu za mara kwa mara huwazoesha vijidudu. Wewe kinga maji kila wiki, hasa masika. Tangi likae karibu kujaa, maana penye hewa nyingi ndipo chuma hutoa jasho usiku. Na angalia bomba la kupumulia: mdomo wake uinamishwe chini, mvua isiingie.

fundi_dizeli
Bomba la kunyonya nalo liishie sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu.