Bibi zetu wenye kazi zao na bado wanalea wajukuu: tupeane uzoefu

Mjukuu Mkubwa
Wakuu, juzi nimemsikia mtu akisema mama akishapata wajukuu kazi yake ni kukaa nyumbani kuwasimulia hadithi. Nikashangaa, maana bibi yangu nimemjua na funguo za ofisi shingoni. Alikuwa mhasibu. Jioni ndiye aliyekagua daftari langu la hesabu na hakuwahi kunipa jibu. Anaweka alama ya penseli pembeni ya mstari niliokosea, anaendelea na shughuli zake mpaka niuone mwenyewe. Ada ya mwaka wangu wa mwisho ilitoka kwenye kiinua mgongo chake. Na baba akinifokea, rufaa ilikwenda kwake. Nyie wa kwenu aliwafanyia nini?

Kiguu na Njia
Wa kwangu alikuwa mwalimu. Shuleni namwita mwalimu, tukivuka geti tu namwita bibi. Alinifundisha kusoma kabla sijaandikishwa darasa la kwanza.

Mama Pacha
Nilikuwa napita tu, ila hapa lazima niandike.

Mama mkwe wangu ni nesi, na kipindi hicho alikuwa zamu za usiku. Asubuhi yeye anaingia sisi tunatoka, anapokea watoto, wakisinzia na yeye anajiiba kidogo. Siku hiyo nilikuwa likizo, kwa hiyo alipitiliza kulala, mkoba kauacha kwenye kochi. Mara pacha mkubwa ananifuata chumbani: "Mama, mwenzangu anakula pipi za bibi."

Kufika sebuleni nakuta pakiti ya glibenklamaidi, vile vidonge vyake vya sukari, imetobolewa, na ulimi wa mtoto una unga mweupe. Nilipiga yowe. Mume wangu kwenye simu anasema mpe maziwa, jirani anasema mtapishe kwa kidole. Mama akatoka na nguo za kulalia, sauti ile ile ya siku zote: "Msimtapishe." Akamfungua mtoto mdomo, akahesabu matundu kwenye pakiti, akaangalia saa, tukaondoka na ile pakiti mkononi.

Hospitali tulipopokelewa wakasema mtoto anacheza, mzima huyu, mkamwangalie nyumbani. Mama akagoma kuondoka. Akawaeleza kwamba kwa mtoto mdogo hata kidonge kimoja cha aina ile kinaweza kushusha sukari vibaya, tena saa nyingi baadaye, wakati watu wameshapumua. Wakamlaza, wakawa wanamtoboa kidole kumpima. Usiku sukari ikaporomoka kweli, mtoto analowa jasho, kalegea. Wakamtundikia dripu ya glukosi. Tungekuwa nyumbani tungedhani amelala tu! Kulipokucha anaomba kucheza na mwenzake. Na mama siku hiyo hiyo aliingia zamu.

Mjukuu Mkubwa
Mwili umenisisimka. Mungu ampe umri mrefu.

Baba Watatu
Poleni. Lakini tuseme ukweli, dawa kwenye mkoba, mkoba kwenye kochi, na mtu mwenyewe ni wa afya?

Zamu ya Usiku
Baba Watatu, ametoka kuhudumia wagonjwa usiku kucha, akamwokoa mtoto, na lawama umeona zimfuate yeye?

Baba Watatu
Simlaumu, naongelea dawa. Na kama amechoka kiasi hicho si astaafu, watoto wake wamtunze?

Zamu ya Usiku
Mimi ni bibi na bado nafanya kazi, kwa hiyo nisikilize. Huo mshahara unaotaka niuache ndio unaonunua sare za wajukuu, na kazi yangu naipenda. Tunachoomba ni kuulizwa. Watu wanakuletea mtoto mlangoni bila hata kupiga simu, kwa kuwa "bibi yupo". Mimi ratiba ya zamu nimeibandika ukutani, siku nyekundu silei mtu. Yule mdogo hajui kusoma lakini rangi anazijua. Akiona nyekundu anawaambia wenzake bibi leo analala, na wananyamaza kuliko wazazi wao.

Msoma Mengi
Bibi kufanya kazi si jambo la juzi. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walifanya utafiti kwa Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, wakaandika mwaka 1997 kwamba mama akiwa na kichanga muda wake wa kutafuta chakula unapungua, na hapo uzito wa yule mtoto aliyeachishwa ziwa unafuata juhudi za bibi. Yaani wakati mama amefungwa na kichanga, bibi yuko porini anachimba mizizi.

Kiguu na Njia
Dawa weka kabati la juu lenye kufuli. Hata za wageni.

Mama Pacha
Na ziache kwenye pakiti yake yenye jina. Daktari aliniambia ile pakiti ilimsaidia sana.

Baba Watatu
Mkoba wa bibi utundikwe juu, basi. Hapo sina ugomvi na mtu.

Mpole
Nichomekee swali. Mama yangu anamlaza kichanga wangu kifudifudi, anasema sote tulilala hivyo. Namwambiaje?

Baba Watatu
Mkatalie. Mtoto ni wako.

Zamu ya Usiku
Taratibu. Enzi zetu ndivyo tulivyofundishwa, tena na wataalamu. Kampeni za kuwalaza chali zilishika kasi miaka ya 1990, ilipobainika kwamba kifudifudi kinaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha kichanga. Mtoto alale chali kuanzia leo, hilo halingoji. Ila mama nenda naye kliniki akaelezwe na nesi, atapokea vizuri kuliko kusahihishwa na mwanawe.

Mpole
Asante sana. Shida siku ya kliniki yuko kazini.

Zamu ya Usiku
Muulize yeye mapumziko yake lini, halafu ndiyo uombe kliniki wakubadilishie siku.