Mdudu wa ukutani Bomang'ombe: ni wa familia ile ya kale?

Fundi wa Maabara, Moshi

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni fundi wa maabara katika sekondari moja hapa Moshi, na mwaka wa kumi na moja sasa natunza sanduku la wadudu la shule. Juzi usiku nilikuwa Bomang'ombe kwa dada. Nje ya jikoni, chini ya taa, ametua mdudu ambaye sijapata kumwona: mabawa manne marefu ya wavu, yana mabaka ya kahawia, ameyalaza mgongoni kama paa la nyumba. Nimepima bawa la mbele kwa rula, sm 6. Watoto wakasema kereng'ende. Nikakataa, kereng'ende halazi mabawa namna ile.

Kinachonisumbua ni hiki. Kitabu cha zamani pale maabara kinataja familia tatu za kale katika oda ya Neuroptera, yaani wadudu wa mabawa ya wavu: Ithonidae, Rapismatidae na Polystoechotidae. Mtandaoni naikuta Ithonidae peke yake. Hizo mbili zimekwenda wapi? Na huyu wangu, kwa ukubwa na yale mabaka, nimemwandikia kwa penseli "Ithonidae?". Nisaidieni kabla shule hazijafunguliwa. Wanafunzi hunakili kila kilichoandikwa kwenye kibandiko, sitaki wanakili kosa langu.

Bibi Shamba, Tengeru

Mwanangu, nimefanya kazi ya wadudu wa kahawa mpaka nimestaafu, kwa hiyo ndugu wa huyo mdudu nawafahamu: wale wadogo wa kijani ambao mabuu yao yanamaliza vidukari kwenye majani.

Familia hazikupotea, ziliunganishwa. Mwaka 2010 Shaun Winterton na Vladimir Makarkin walilinganisha vinasaba na maumbile, wakaona zile familia tatu ni ukoo mmoja. Zilikuwa zimetenganishwa kwa sura. Rapisma wa milima ya Asia ana mabawa mapana, Ithone wa Australia anafanana na nondo mnene, basi kila mmoja akapewa nyumba yake. Jina la Ithonidae ndilo lililobaki kwa wote. Visukuku vya ukoo huo vipo tangu enzi ya Jurasiki. Walio hai leo wako Australia, Asia na Amerika, kwa hiyo wa Bomang'ombe angekuwa habari kubwa mno.

Kabla hujafuta, tazama vipapasio kwa lenzi. Vya Ithonidae ni uzi mtupu mpaka nchani. Kama vyako ni vifupi na nchani vimevimba kama rungu, huyo ni Myrmeleontidae, yaani kitukutuku aliyekomaa.

Kijana wa Machame

Shikamoo bibi. Kitukutuku huyu huyu wa vishimo vya vumbi? Tulikuwa tunamchokoa kwa kijiti nyuma ya zizi, mpaka anarusha mchanga akidhani ni chungu ameanguka. Sikujua kwamba huota mabawa.

Bibi Shamba, Tengeru

Marahaba. Ndiye. Ila hao wakubwa wa mabaka, jenasi Palpares, mabuu yao hayachimbi kishimo, yanajificha mchangani tu na kuvizia. Ukilikamata buu tazama taya zake: zimeungana zikawa mrija, analifyonza windo. Mabuu yote ya oda hii yana taya za mrija, hata ya Ithonidae, ingawa yale ni manene yaliyojikunja kama funza wa kwenye samadi. Ndiyo maana tunawaweka oda moja.

Na wewe fundi usifadhaike. Mwaka 2012 Michael Skvarla alimwokota mdudu kwenye ukuta wa duka la Walmart mjini Fayetteville, Arkansas, Marekani, akamwandika kitukutuku. Mwaka 2020, akifundisha kwa Zoom, yeye na wanafunzi wake wakamtazama upya: kumbe ni Polystoechotes punctata, wa hii hii Ithonidae, ambaye mashariki ya Marekani hakuwa ameonekana tangu miaka ya 1950. Yeye alikosea upande mmoja, wewe pengine upande wa pili. Kilichookoa ni kwamba mdudu alihifadhiwa, na ilijulikana ametoka wapi na lini.

Fundi wa Maabara, Moshi

Bibi, nimerudi kutoka maabara. Nimeweka kichwa chini ya lenzi ya mara kumi. Vipapasio havifiki hata nusu ya tumbo, vyeusi, na nchani kuna rungu dhahiri, limepinda kidogo kwenda nje. Mara ya kwanza nilishikwa na mabawa nikasahau kichwa.

Nimefuta. Kibandiko sasa kinasema: "Myrmeleontidae, labda Palpares. Bomang'ombe, Hai. Ukutani, chini ya taa, saa tatu usiku", na tarehe. Muhula ukianza nitawapa Kidato cha Tatu lenzi kwanza, kibandiko nitakifunika. Na kama kuna mtu anayejua mahali penye mchanga laini karibu na Boma, nataka buu la hawa wasiochimba.